Hewa ya wodini: mwongozo kamili wa kuipima na kuiboresha, mchana na usiku

Hewa ya wodi hukaguliwa saa nne asubuhi, lakini mgonjwa huivuta usiku kucha. Saa nne deki imeshapigwa, madirisha yako wazi, ndugu bado wako getini wakisubiri muda wa kuona wagonjwa, na mkaguzi anaandika "hewa inatosha" kwenye fomu yake. Rudi wodi hiyohiyo saa tisa usiku. Madirisha yamefungwa kwa sababu ya baridi, mvua au mbu, mlango wa korido umerudishiwa, wengine wamelazwa wawili wawili, na mgonjwa wa pembeni anakohoa tangu jioni wala hajapimwa makohozi.

Mwongozo huu ni wa muuguzi kiongozi wa wodi, afisa afya na kamati ya kudhibiti maambukizi katika hospitali zetu za kawaida, zile zinazotegemea dirisha na si mitambo ya kusukuma hewa. Kwa kuanzia unahitaji futi kamba, kalamu, daftari na ruhusa ya mganga mfawidhi. Vifaa vingine vitakuja baadaye, na vingine huenda usivihitaji kabisa.

Kwanza, jua unapambana na nini

Vimelea vya hewani si kundi moja, na dawa ya kundi moja haifai kwa jingine.

Kundi la kwanza ni magonjwa yanayosafiri hewani yenyewe: kifua kikuu (TB), surua, tetekuwanga. Mgonjwa wa TB ya mapafu akikohoa, akiongea au akiimba hutoa vitone vidogo sana. Maji ya kitone hukauka kabla hakijafika sakafuni, kikabaki kiini cha ukubwa wa mikroni 1 hadi 5 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), chepesi kiasi cha kuelea kwa saa nyingi na kidogo kiasi cha kufika ndani kabisa ya mapafu. Hili lilithibitishwa Baltimore, Marekani, kati ya 1956 na 1962. Watafiti William Wells na Richard Riley waliipitisha hewa ya wodi ya TB kwenye vizimba vya simbilisi vilivyowekwa juu ya wodi hiyo, na simbilisi wakaambukizwa bila kukutana na mgonjwa hata mmoja. Virusi vya surua navyo vinaweza kubaki hewani hadi saa mbili baada ya mtoto mgonjwa kuondoka chumbani.

Kundi la pili ni bakteria wanaopanda juu ya vumbi, magamba ya ngozi na nyuzi za shuka, kama Staphylococcus. Hawa huruka kitanda kinapotandikwa, sakafu inapofagiwa na watu wanapopita kwa wingi, kisha hutua kwenye vidonda, trei za dawa na mikono.

Kundi la tatu ni kuvu, hasa Aspergillus na Penicillium, wanaoota penye unyevu: dari iliyovuja, ukuta wa bafu, godoro lililolowa, vumbi la ujenzi. Mtu mwenye kinga imara hawamsumbui sana. Mgonjwa wa saratani aliye kwenye dawa kali wanaweza kumuua.

Ukitaka kujua uzito wa kundi la kwanza, kumbuka Tugela Ferry, mji mdogo wa vijijini KwaZulu-Natal, Afrika Kusini. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2006, wagonjwa 53 waligundulika na TB sugu kupita kiasi, na 52 kati yao walifariki. Wengi waliwahi kulazwa hospitalini hapo kabla, na aina za vimelea walivyokutwa navyo zilionyesha kwamba maambukizi yalikuwa yakipita mlemle hospitalini. Watu walikuja kutibiwa, hewa ya wodi ikawapa ugonjwa mwingine.

Hatua ya 1: Chora wodi na upime matundu

Chora ramani ya wodi kwenye karatasi: kuta, vitanda, milango, kila dirisha. Pima urefu, upana na kimo cha chumba. Halafu pima kila dirisha, lakini andika eneo linalofunguka kweli, si ukubwa wa fremu. Dirisha la alumini la kuteleza hufunguka nusu tu. Dirisha lililopakwa rangi likagandana na fremu yake ni sifuri. Luva zilizoshika kutu na kubaki zimeinama robo, uziandike robo. Jaribu kila moja kwa mkono wako mwenyewe. Hapa ndipo utakapokuta kipande cha kanga kimesokomezwa kwenye luva iliyovunjika, boksi la gluvu limeziba tundu la juu, au kabati la mafaili limesukumwa hadi likafunika dirisha zima la upande wa upepo.

Kipimo cha haraka kinachotumika katika kuzuia TB ni hiki: jumla ya matundu yanayofunguka ifike angalau asilimia 20 ya eneo la sakafu, yakiwa yamegawanywa pande mbili zinazotazamana. Wodi ya mita 12 kwa 6 ina sakafu ya mita za mraba 72, hivyo inahitaji mita za mraba 14.4, yaani 7.2 kila upande.

Hatua ya 2: Kokotoa hewa inayoingia

Shirika la Afya Duniani linashauri lita 60 za hewa safi kwa sekunde kwa kila mgonjwa katika wodi za kawaida, na lita 160 kwa kila mgonjwa katika vyumba vya magonjwa yanayosafiri hewani. Hesabu ya kukadiria ni rahisi:

Lita kwa sekunde = 0.65 × kasi ya upepo wa nje (mita kwa sekunde) × eneo la matundu ya upande wenye matundu madogo (mita za mraba) × 1000

Namba 0.65 ni ya wodi yenye matundu wazi pande mbili. Kama upande mmoja tu ndio ulio wazi, weka 0.05. Kama kuna wavu wa mbu dirishani, gawa jibu kwa mbili.

Chukua wodi yetu ya mita 12 kwa 6, kimo mita 3, wagonjwa 10. Tuseme kila upande unafunguka mita za mraba 3 tu, nyavu zipo, na upepo ni mita 1 kwa sekunde, ule unaopeperusha moshi bila kutikisa majani. Utapata lita 975 kwa sekunde, karibu 98 kwa kila mgonjwa. Vizuri. Sasa walaze wawili wawili, wafike 20: kila mmoja anabaki na 49, umeshashuka chini ya kiwango bila kugusa dirisha. Rudisha wagonjwa wawe 10, lakini sasa ni usiku na upepo umelala hadi mita 0.3 kwa sekunde: lita 29 kwa mgonjwa. Halafu funga upande mmoja na mlango wa korido, hata kama upepo bado ni mita 1: lita 7.5 kwa mgonjwa.

Tazama tena namba hiyo ya mwisho. Kufunga upande mmoja tu wa wodi kumeondoa sehemu kumi na mbili kati ya kumi na tatu za hewa yote. Muuguzi anayeona upande wa pili uko wazi atadhani amefunga nusu. Kama ni jambo moja tu utakalobandika ukutani kutoka kwenye mwongozo huu, libandike hilo.

Ukitaka kujua hewa yote ya chumba inabadilika mara ngapi kwa saa, zidisha lita kwa sekunde kwa 3.6, ugawe kwa ujazo wa chumba. Wodi yetu ina mita za ujazo 216, kwa hiyo pande zote zikiwa wazi ni mara 16 kwa saa, na upande mmoja ni mara 1.25. Hapo utaona maana yake kwa mgonjwa: vimelea vilivyoachwa hewani na kikohozi hupungua kwa asilimia 99 ndani ya dakika kama 17 katika hali ya kwanza, na katika hali ya pili itachukua zaidi ya saa tatu na nusu.

Matundu yangefika asilimia 20 ya sakafu, usiku uleule wa upepo wa mita 0.3, na nyavu zikiwepo, kila mgonjwa angepata lita 70. Kazi ya hiyo asilimia 20 ni kukubeba wakati upepo umelala.

Hatua ya 3: Fuata hewa inakokwenda

Hesabu haikuambii hewa inapita kwa nani. Tumia kijiti cha udi au kipande cha karatasi ya chooni kilichofungwa kwenye uzi. Udi usiuwashe kabisa penye oksijeni inayotumika; hapo tumia karatasi. Pita mlangoni, madirishani, kati ya vitanda na kwenye pembe. Weka mshale kwenye ramani kila unapoona moshi unaelekea, na duara pale moshi unapozunguka bila kutoka.

Unatafuta mambo mawili. La kwanza, hewa isitoke kwa mgonjwa anayekohoa ikapita kwa mwenzake au kwenye meza ya wauguzi. La pili, pembe zisizopata hewa. Huko usimlaze mtu kama una nafasi nyingine.

Kwa hospitali za pwani, rudia zoezi hili mara mbili kwa mwaka. Wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, hewa huingia upande mmoja. Kusi likianza huingia upande wa pili, na kitanda kilichofaa kumlaza anayekohoa, mwisho wa njia ya hewa, sasa kiko mwanzoni mwake. Sehemu za miinuko, kama Lushoto, Njombe au Limuru, ugumu ni baridi ya usiku, na nitairudia chini.

Hatua ya 4: Kipimo cha kaboni dayoksaidi, joto na unyevu

Hewa ya nje ina kaboni dayoksaidi ya karibu ppm 420 (sehemu 420 katika kila sehemu milioni za hewa). Kila mtu huongeza kwa kupumua, hivyo namba ikipanda ujue watu wanavuta hewa iliyotoka kwa wenzao. Nunua kifaa kinachopima gesi hiyo kwa mwanga wa infraredi. Vile vya bei ya chini sana mara nyingi hukisia tu. Kukijaribu, kitoe nje dakika kumi: kisome karibu na 420 hadi 450. Wodini kiweke kwenye usawa wa kichwa cha mgonjwa aliyekaa, angalau mita 1 kutoka kwa mtu, mbali na dirisha.

Watu wengi husema chini ya 1000 ni sawa. Kwa ofisi, labda. Kwa wodi sikubaliani kabisa. Mtu mzima aliyetulia hutoa takriban lita 0.005 za gesi hiyo kwa sekunde. Ukipiga hesabu, 1000 maana yake kila aliyemo anapata kama lita 9 tu za hewa safi, wakati kiwango cha wodi ni 60. Wodi inayopumua vizuri husoma karibu 500. Ikifika 800, fungua, usisubiri 1000.

Kumbuka pia kifaa hiki hakioni vimelea. Wodi yenye mgonjwa mmoja wa TB asiyetibiwa inaweza kusoma 600 na bado ikawa na hatari, na jiko la mkaa au jenereta karibu na dirisha litapandisha namba bila uhusiano wowote na kukohoa.

Joto na unyevu vipime kwa kifaa kidogo cha ukutani. Kwa hospitali zenye mitambo hulengwa nyuzi 21 hadi 24 na unyevu usiozidi asilimia 60. Dar es Salaam, Zanzibar na Mombasa huwezi kuufikia unyevu huo kwa dirisha, na usijilaumu. Kazi yako pwani ni kuhakikisha hakuna kinachobaki kimelowa. Dari ikivuja au godoro likilowa, likaushwe au litolewe ndani ya saa 48, kabla kuvu hawajaota. Ukuta wenye madoa meusi usipakwe rangi juu yake. Tafuta kwanza maji yanatoka wapi.

Hatua ya 5: Sahani za maabara, na mipaka yake

Kama maabara yenu inaotesha vimelea, unaweza kutumia njia ya sahani wazi. Haihitaji pampu. Chukua sahani za sentimita 9 zenye chakula cha kuoteshea vimelea: chenye damu kwa ajili ya bakteria, na cha aina ya Sabouraud kwa ajili ya kuvu. Weka sahani mita 1 juu ya sakafu, mita 1 kutoka ukutani, na uiache wazi saa 1. Sahani moja isifunguliwe kabisa. Hiyo ndiyo shahidi kwamba uchafu haukutoka maabara. Sahani za bakteria zioteshwe kwa nyuzi 35 hadi 37, saa 24 hadi 48. Za kuvu kwa nyuzi 25, siku 5 hadi 7.

Weka sahani nyakati tatu: alfajiri kabla ya usafi, wakati wa ndugu kuona wagonjwa, na usiku wa manane. Andika pembeni idadi ya watu, madirisha yaliyo wazi, na kama vitanda vilikuwa vinatandikwa. Bila maelezo hayo koloni zako, yaani madoa ya vimelea vilivyoota kwenye sahani, hazina maana.

Watafiti wa Italia walipendekeza mwaka 2000 kuhesabu koloni kwenye sahani kama hiyo na kuzipanga: 0 hadi 5 nzuri sana, 6 hadi 25 nzuri, 26 hadi 50 ya wastani, juu ya hapo mbaya. Kwa wodi za kawaida kikomo ni 50. Wapo wanaogeuza kuwa idadi kwa mita ya ujazo. Kwa sahani ya sentimita 9 na saa 1, kila koloni huhesabiwa kama 13. Hayo ni makadirio. Tumia sahani kulinganisha wodi yako ya Machi na ya Juni, usizitumie kujigamba mbele ya hospitali nyingine.

Sahani wazi hunasa kile kinachoanguka. Viini vya TB havianguki kwa saa moja, na hata vikianguka, vimelea vya TB havioti kwenye sahani hizi ndani ya siku mbili. Vinahitaji chakula maalumu na wiki kadhaa. Sahani safi haikuambii lolote kuhusu TB. Kama bajeti inatosha kitu kimoja tu, kati ya sahani za mwaka mzima na fundi wa kufungua madirisha yaliyogandana, mwite fundi.

Hatua ya 6: Rekebisha, kwa mpangilio huu

Anza na mgonjwa mwenyewe. Kila anayeingia aulizwe kikohozi kabla ya kupewa kitanda. Anayekohoa wiki mbili au zaidi akae sehemu yake yenye hewa, apewe barakoa, makohozi yapelekwe kupimwa siku hiyohiyo. Mashine ya GeneXpert hutoa jibu ndani ya takriban saa mbili. Barakoa ya kawaida ya upasuaji ni ya mgonjwa, N95, ile inayobana uso na kuchuja hewa, ni ya mhudumu. Utafiti uliofanyika Mpumalanga, Afrika Kusini, ulionyesha kwamba wagonjwa wa TB sugu walipovaa barakoa za kawaida, maambukizi kwa simbilisi waliovuta hewa yao yalipungua kwa zaidi ya nusu. Mgonjwa akianza dawa sahihi, hatari kwa wenzake hushuka haraka, kwa hiyo kila siku ya kuchelewa kupima ni hewa chafu ambayo dirisha pekee haliwezi kuimaliza.

Kisha madirisha. Fundi afungue yaliyogandana, abadilishe luva zilizovunjika, na yale ya kuteleza yageuzwe yawe ya bawaba panapowezekana. Nyavu zifuliwe kila mwezi. Wavu uliojaa vumbi ni ukuta. Vyandarua vya kitandani vikiwa vizima na vinatumika, hutalazimika kumfungia mtu dirisha kwa hofu ya mbu.

Pangaboi lichanganye hewa madirisha yakiwa wazi. Madirisha yakifungwa, linasambaza kikohozi cha mmoja kwa wote.

Kiyoyozi cha kawaida cha ukutani ndicho kinachonitia wasiwasi kuliko vyote, kwa sababu hutoa raha inayodanganya. Hakiingizi hewa ya nje. Kinavuta hewa ya chumba, kinaipoza, kinairudisha ileile, na ili ubaridi usipotee watu hufunga kila tundu. Katika wodi ya kulaza watu wengi sikipendekezi. Kama tayari kipo, acha matundu ya juu pande zote mbili wazi muda wote, osha vichujio kila wiki mbili, na hakikisha maji ya trei yake yanatoka nje bila kutuama.

Taa za miale ya UV (urujuanimno) inayoua vimelea, zinazofungwa juu ya vichwa, hufanya kazi zikifungwa na mtaalamu, juu ya mita 2.1, miale isishuke machoni, na pangaboi likipandisha hewa kuzifikia. Nguvu yake hupungua unyevu ukipita asilimia 60 hadi 70, jambo ambalo wauzaji huko pwani hawalitaji. Kupuliza klorini hewani, wagonjwa wakiwemo, kusifanyike: huumiza mapafu na hakusafishi hewa.

Kwa kundi la vumbi dawa ni nyepesi. Msifagie kwa ufagio mkavu, pigeni deki. Shuka zikunjwe kuelekea ndani, zisikung'utwe. Vidonda vifunguliwe na visafishwe angalau nusu saa baada ya vitanda kutandikwa na sakafu kusafishwa, siyo kabla.

Hatua ya 7: Zamu ya usiku

Hapa ndipo mipango mingi hufia. Mgonjwa anayetetemeka ana haki ya kufunga dirisha, na muuguzi aliye peke yake na wagonjwa arobaini hawezi kubishana naye. Kwa hiyo usimwachie uamuzi huo. Matundu ya juu, karibu na dari, yasiwe na kitasa wala kioo. Yabaki wazi daima pande mbili, yakikingwa mvua kwa luva zisizosogea. Hewa ya moto hupanda na kutokea huko bila kumpuliza aliyelala. Blanketi la pili liwe kwenye bajeti ya kudhibiti maambukizi, hasa nyanda za juu, kwa sababu ndilo linaloruhusu dirisha libaki wazi. Wazee na watoto wachanga wapewe vitanda visivyo kwenye njia ya upepo.

Kwenye ripoti ya makabidhiano ongeza mistari mitatu: madirisha mangapi yalikuwa wazi saa tisa usiku kila upande, wagonjwa wangapi walikuwemo, kifaa kilisoma ngapi. Muuguzi kiongozi asome mistari hiyo kila asubuhi kabla ya raundi, na apeleke kwa fundi tatizo linalojirudia.

Kama hospitali inajenga wodi mpya

Omba kuiona ramani mapema. Huko Lima, Peru, watafiti walipima vyumba 70 vya hospitali nane na kuchapisha matokeo mwaka 2007. Majengo ya kabla ya 1950, yenye dari za juu na madirisha makubwa, yalibadilisha hewa mara 40 kwa saa madirisha yakiwa wazi. Ya kisasa yenye madirisha yalifika 17. Vyumba vyenye mitambo vilikuwa 12. Wodi za zamani tulizo nazo Afrika Mashariki, zenye dari ndefu na baraza pande mbili, mara nyingi zina umbo hilohilo, na inasikitisha kuona baraza zake zikizibwa kwa vioo ili kupata ofisi. Mwambie mchoraji: matundu ya asilimia 20, pande mbili zinazotazamana, dari isiyopungua mita 3, jengo litazame upepo wa msimu, na korido iwe baraza wazi badala ya njia ya ndani yenye vyumba kushoto na kulia. Mabadiliko hayo yaandikwe kwenye ramani na kusainiwa kabla mkandarasi hajapewa eneo.